Unyasi Nyuma ya Sikio

Nyumbani kwetu mtoto alipimwa akili kwa kutumwa. Bibi alimwita, akampa maneno ya kupeleka upande wa pili wa kijiji, kisha akaendelea kupepeta mahindi yake kama mtu aliyekwisha kusahau. Mtoto akirudi na jibu kamili, hakuongeza wala hakupunguza, na juu yake akasema kwamba mwenye nyumba alikuwa anakohoa, au kwamba jiko lake lilikuwa bado baridi mpaka saa ile, bibi aliweka ungo chini. "Huyu ana akili," alisema. Basi jioni ile ile mtu mwenye kikohozi alipelekewa dawa, na mwenye jiko baridi alipelekewa unga.

Kwa kipimo hicho mdogo wetu wa mwisho hakuwa na mpinzani. Alikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, lakini ungeweza kumtuma popote. Alikwenda dukani akarudi na chumvi, na habari kwamba sukari imefika ila mwenye duka ameificha nyuma ya magunia ya pumba. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mimi aliniita mume wangu. Wakigombana ilikuwa ni juu yangu.

"Mke mwenzangu, umempikia mume wetu?"

"Nimempikia. Wewe hujapika kwa sababu huoni chungu kiko wapi."

"Nakiona. Ninayemwona vibaya ni wewe, umekuwa mweusi kama hicho chungu."

Walicheka mpaka kuku wakahama kivuli.

Tulikuwa watatu. Mimi wa kwanza, mdogo wangu wa kiume wa kati, aliyekuwa anasoma bila kumsumbua mtu, na huyu wa mwisho. Baba alikuwa ametoka Mpimbwe kuja Mpanda kufuata kazi za reli, na alipofariki tukabaki na mama. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Wakubwa wa ukoo walikaa wakasema nipumzike nyumbani mwaka mmoja tu, mpaka mambo yakae sawa. Mwaka ule haujaisha mpaka leo. Nilishika jembe, bibi mzaa mama akaja kukaa nasi, na watu walipokusanywa katika vijiji vipya tukapewa kiwanja njia ya Kabungu, karibu na shule. Nilifurahi kuwa karibu na shule. Nilikuwa nimejiwekea neno moja tu moyoni: walio nyuma yangu watamaliza.

Kwa hiyo siku mwalimu wa darasa la kwanza aliponiita, nilikwenda na shati langu la kanisani.

Alikuwa msichana wa pwani, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka tuliona haya kufungua midomo mbele yake. Alinikaribisha kiti chake mwenyewe, yeye akasimama.

"Kaka, mdogo wako ni mtoto mzuri," alisema. "Anafagia, anachota maji, hana ugomvi na mtu. Lakini tangu aingie darasani hajanijibu swali hata moja."

"Hata moja?"

"Namuuliza mbili na tatu ni ngapi, anaangalia dirishani. Namuuliza hii ni herufi gani, anainama. Wenzake wananyoosha mikono, wanapiga kelele mwalimu mimi, mwalimu mimi. Yeye ameikalia mikono yake. Naona akili yake bado haijakomaa. Muhula huu ukiisha mwalimu mkuu atakuja kuwasikiliza, na mimi nitampa majina ya watakaoingia la pili. Naona yeye akae nyumbani mwaka mmoja, kisha arudi."

Aliposema mwaka mmoja niliinuka kwenye kile kiti. Nilimwomba aningoje mpaka siku hiyo ya mwalimu mkuu. Alikubali, lakini kwa macho ya mtu anayekubali kwa ajili ya adabu tu.

Nyumbani nilimweleza bibi. Hakuelewa tatizo.

"Huyo mwalimu anajua kwamba mbili na tatu ni tano?"

"Anajua, bibi."

"Sasa anamuulizia nini mtoto?"

Jirani yetu alikuwa amekaa pale akichambua maharage. Alikuwa mama wa Kirundi aliyeolewa na Mkonongo mmoja mrina asali, kabla wakimbizi wa kwao hawajaja kwa wingi. Alituonea huruma siku zote kwa jinsi tulivyokuwa wachache wa maneno.

"Shida yenu nyie ni hiyo," alisema. "Mtoto mnamfunga mdomo, mnasema ana adabu. Kwetu mtoto mwenye ubwenge, ndiyo hiyo akili, ukimuuliza ametoka wapi anakujibu vizuri, anakusifu na wewe na watoto wako, mpaka unaondoka umeridhika. Umefika mbali ndipo unakumbuka kwamba hujui alikotoka."

"Huyo kwetu ni mwongo," bibi alisema.

"Huyo kwetu ni chifu."

Kwa hiyo katika ua mmoja nilikuwa na akili za namna mbili, na ya tatu ilikuwa inaningoja shuleni na mikono juu. Nilianza kazi. Asubuhi kabla ya shamba nilimketisha mdogo wangu kwenye kinu kilicholala, nikamuuliza tatu na nne ni ngapi. Aliangalia angani. Nilimpanga mahindi, tatu huku, nne huku. Aliyakusanya akawapa kuku. Mchana nilimuuliza tena tukiwa tunapalilia, nikamuahidi muwa. Alisema hataki muwa. Mtoto yule yule, nikimtuma kwa mrina asali akaniletee masega manne na mabonge mawili ya nta, alileta manne na mawili, na kuniambia kwamba mzinga wa tatu umeingiliwa na siafu.

Niliendelea kila siku, maana mimi nikishika jambo nimeshika. Bibi alisema ninamchosha mke mwenzake. Mama wa Kirundi alisema nimfundishe kwanza kusalimia kwa kirefu.

Jambo lenyewe lilifunguka jioni moja, tumemaliza kula ugali na kisamvu, mwanga wa jua ndio kwanza umeondoka mitini. Bibi alijifuta mikono, akasema, "Kitendawili."

"Tega," tulijibu wote, na mdogo wangu kwa sauti kuliko sisi.

Bibi alitega, tukategua, tukashindwa, tukampa miji. Kwa vitendawili bibi yangu alikuwa amekwisha kuwa na miji yote ya reli kutoka Mpanda mpaka Tabora, na alikuwa anaitawala kwa ukali. Zamu yangu ilipofika sikuwa na kitendawili chochote kichwani, nilikuwa na hesabu tu. Nikasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nilikuwa na mbuzi watatu, shemeji akaniletea wanne."

"Saba," mdogo wangu alisema kabla sijafunga mdomo.

Kisha nikatega tena. Mbuzi kumi, chui akachukua wawili. "Wanane, na chui atarudi kesho." Kuku sita, wengine sita. "Kumi na wawili." Mdogo wangu wa kati alianza kucheka. Bibi aliniangalia kwa shaka, maana vitendawili vyangu havikuwa na utamu wowote.

Nilimvuta mtoto karibu. "Mbona haya yote unayajua? Mwalimu akikuuliza kwa nini hujibu?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini haingii motoni.

"Mwalimu anatega mchana," alisema.

"Anatega nini?"

"Vitendawili. Anauliza kitu na jibu analo. Wale wengine wanamjibu, hawajui. Bibi alisema vitendawili vya mchana vinaua wakubwa wa nyumba." Aliangalia chini akachora mchanga kwa kidole. "Sisi wamebaki bibi na wewe tu."

Nilisikia mbuzi wa jirani akicheua upande wa pili wa ua. Nikamfikiria akiwa amekaa darasani miezi yote ile, ameikalia mikono yake isije ikanyooka kwa bahati mbaya, na sisi tuko shambani tunapalilia tukiwa wazima.

Bibi alikohoa. "Mke mwenzangu, njoo hapa."

Akaenda.

"Nani alikuambia hayo?"

"Wewe."

"Mimi. Na mimi niliambiwa na bibi yangu. Alikuwa na shamba kubwa na wajukuu wavivu, wakianza kutega vitendawili mchana hakuna jembe linaloinuka. Umenielewa?"

"Kwa hiyo ni uongo?"

Bibi hakukubali kirahisi hivyo. Alikuwa na heshima yake, na bibi yake alikuwa nayo pia. Alifikiri, akitafuna tafuna bila kitu mdomoni.

"Si uongo. Ina dawa yake, nilikuwa sijakufundisha kwa sababu hukuwa na kazi nayo. Mtu akilazimika kutega au kutegua mchana, anaweka unyasi nyuma ya sikio. Ukiwa na unyasi, umeomba ruhusa. Hafi mtu."

Mpaka leo sijui kama dawa ile ilikuwepo toka zamani au ilizaliwa pale pale kwenye moto wetu. Nilipomuuliza, alisema mume asimchunguze mkewe.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda shule na ufagio, kibuyu cha maji na unyasi mrefu nyuma ya sikio la kulia. Alirudi mchana akikimbia. Mwalimu alikuwa ameuliza nne na nne, naye akasimama akasema nane. Mwalimu akauliza tano na nne, akasema tisa. Kisha mwalimu akafurahi, akamkaribia, akamtoa unyasi kichwani kama mtu anavyomtoa mtoto takataka. Akamuuliza mbili na mbili. Mtoto akaangalia dirishani.

Nilivaa tena shati la kanisani.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika chaki. Nilitegemea atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote. Alisema, "Na mimi kwetu tulikatazwa hadithi za mchana. Tuliambiwa tutaota mikia." Akafikiri kidogo. "Ila sikuwahi kudhani kwamba ninachofanya darasani ni kutega."

"Kwa mtoto ni kutega, mwalimu. Unauliza unachokijua."

"Bibi yako anakaa nyumbani jioni?"

"Ana miji mingi ya kutawala, hatoki."

Alikuja siku ile ile jua lilipokwisha kuzama, amejitanda khanga, amebeba maandazi kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Bibi alimpa kigoda kizuri. Walisalimiana, "Shikamoo, bibi," "Marahaba, mwanangu," wakaulizana habari za pwani na za mvua. Mama wa Kirundi alisikia sauti ya mgeni, akaleta maharage yake achambulie kwetu ingawa mwanga ulikuwa wa moto tu.

Bibi hakuchelewa. "Kitendawili."

"Tega," mwalimu alisema, akakaa vizuri.

"Wanangu wote wanajenga gizani, nyumba zote sawa, na hakuna aliyewapimia."

"Mchwa."

"Mchwa nyumba zao sawa wapi? Mchwa wanajenga kama Serikali imewaharakisha."

"Buibui."

"Huyo anakaa peke yake, mwenye roho mbaya. Nipe mji."

Mwalimu alijaribu ndege, akajaribu panya, mpaka mdogo wangu akawa anajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mwisho akatoa mji. "Nakupa Tanga."

"Siijui. Ina nini?"

"Ina bandari, ina machungwa, ina mnazi kila nyumba."

"Naipokea, ila sihamii. Ni nyuki, mwanangu. Wanajenga masega."

Mwalimu alipiga goti lake kwa kiganja, akasema angeweza kukaa mpaka asubuhi asiwafikie nyuki, kwa kuwa kwao asali aliiona kwenye chupa. Kisha akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Bwana wangu anatoka kila siku na kurudi kila siku. Hana safari, hana mzigo."

"Jua," bibi alisema.

"Hapana."

"Mume wa huyu," alisema, akimwonyesha mama wa Kirundi kwa kidevu. "Anakwenda porini kila siku anarudi mikono mitupu."

"Mume wangu anarudi na asali," mama wa Kirundi alisema. "Na akirudi bila asali, anarudi na maneno mazuri. Kwenu wanarudi bila vyote."

Bibi alijaribu popo, akajaribu njaa. Njaa tuliisifia sote, lakini mwalimu alikataa. Bibi alitoa mji kwa shingo upande. "Chukua Ikola. Ziwa lote, na dagaa walioanikwa na wasioanikwa."

"Ni bahari," mwalimu alisema. "Maji yanatoka ufukweni yanakwenda mbali, unatembea pale yalipokuwa, kisha yanarudi yanajaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Yanakwenda kufanya nini?"

Mwalimu alicheka. "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema.

Bibi alimgeukia mdogo wangu. "Umeona, mke mwenzangu? Mwalimu wako amenishinda, na mimi nimemshinda. Sasa mwache akutege wewe."

Mwalimu alimsogelea mtoto. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina mayai kumi na mawili. Kuku ameatamia saba."

"Yamebaki matano," mtoto alisema. Akangoja kidogo, kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu aliyetumwa na kuona zaidi ya alichotumwa, "Ila hayo matano, mwalimu, umeyaweka wapi? Yakikaa juani yataharibika."

Mwalimu alichukua andazi akampa, la kwake mwenyewe, akala yeye lililovunjika.

Toka siku ile mtoto aliruhusiwa unyasi wake. Watoto wana macho. Waliona kwamba yule asiyejua kitu ameanza kujua kila kitu, na kwamba kilichobadilika kwake ni unyasi. Kabla ya wiki kwisha nusu ya darasa walikuwa wameweka unyasi nyuma ya masikio, na wengine, kwa tamaa, wameweka masikio yote mawili. Mmoja alitembea na fungu zima mpaka akatolewa nje kwa sababu mbuzi wa shule alikuwa anamfuata.

Siku ya mwalimu mkuu wazazi tulikuwa tumeitwa kuezeka. Paa la darasa la kwanza lilikuwa limekula mvua mbili, na kila nyumba ilileta mafungu yake ya nyasi. Mimi sikuwa mzazi, lakini nilipanda, kwa kuwa kwetu mzazi alikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya fito, nafunga kamba za miombo, na chini yangu palikuwa na tundu ambalo nilikuwa sijalifunika. Kwa hiyo niliona.

Mwalimu mkuu aliingia, darasa likasimama, na mbele yake palikuwa na shamba la nyasi lililoota kwenye vichwa. Alikuwa mzee mkali wa Ufipa, asiyependa mchezo.

"Haya ni nini?"

Mwalimu wetu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Alikisogeza kidogo, na nyuma ya sikio lake nikaona unyasi mfupi, mkavu, umechomekwa vizuri.

"Ni ruhusa ya kujibu, mwalimu mkuu," alisema. "Unaweza kuwauliza."

Mzee aliuliza. Mikono ilinyooka, mwalimu mimi, mwalimu mimi. Mdogo wangu alinyoosha wake pia, si juu sana, kidogo tu, kama anayejaribu mvua kama imeanza. Mzee alimwona.

"Wewe mdogo. Nane na sita."

"Kumi na nne."

"Kumi na nne toa tano."

"Tisa."

"Nani alikufundisha?"

Hapo niliogopa. Lakini mtoto wetu alikuwa mtoto wa kutumwa, haongezi wala hapunguzi. "Mwalimu, kaka na bibi," alisema. "Mwalimu kwa mchana, bibi na kaka kwa jioni." Na baada ya kufikiri, "Mzee, kiatu chako cha kushoto kinataka kuachana na wewe."

Darasa lilipasuka. Mzee aliangalia kiatu chake, na kweli soli ilikuwa imefungua mdomo. Alijitahidi kubaki mkali lakini shavu lake lilimsaliti.

"Huyu anaingia la pili," alisema. "Anaona mbali." Kisha, ili arudishe ukali wake, akaligeukia darasa zima. "Haya wenye nyasi. Sita mara saba?"

Hawakuwa wamefika huko. Mikono yote ilishuka, nyasi zikainama. Mimi juu ya fito nilikuwa na jibu tangu darasa la tano, lilikuwa limekaa nami shambani miaka yote ile halina pa kwenda. Nilichomoa unyasi kwenye fungu, nikauweka nyuma ya sikio.

"Arobaini na mbili," nilisema.

Darasa zima liliangalia juu. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kuniona, akaanza kucheka na lile pengo lake. Mwalimu mkuu alisimama chini ya tundu akaniangalia, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

"Na huyo wa juu ya paa," alisema, "ni wa darasa gani?"

"Nilipumzika mwaka mmoja, mwalimu," nilisema.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alinifungulia mlango wa kisomo cha watu wazima, jioni, katika chumba kile kile nilichokiezeka. Bibi alinifuata mpaka uwanjani siku ya kwanza, akaniambia kwamba kwa kuwa ni jioni sihitaji unyasi. Nilikwenda nao hivyo hivyo.